Samaki Waliolala Mchangani

Harufu ilinipokea mlangoni, kabla macho hayajazoea giza la duka. Ilikuwa harufu ya chumvi iliyolowa, ya mawe ambayo hayajawahi kukauka. Nilikuwa nimeingia kujikinga na mvua tu, jijini Kampala, katika duka la samaki wa mapambo, na kijana wa dukani akadhani mimi ni mteja. Akaniuliza tangi langu lina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono, kama mtu anayepima mtoto mchanga. "Hilo dogo, mama," akasema. "Hawa samaki wanaoitwa rasi, dume chukua mmoja tu. Wakiwa wawili wanaofanana watauana."

Nilimjibu kwamba najua. Akanitazama kwa mashaka, kwa kuwa matamshi yangu ni ya watu wa Arua, na Arua haina bahari. Lakini mimi niliwahi kuishi na bahari, Arua, ndani ya nyumba yetu. Upana wake haukuzidi meza ya cherehani ya mama, na ilipumua kwa miguu yake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, upande wa mji unaotazama Pajulu, alikozaliwa mama. Tulikuwa tumerudi kutoka ng'ambo ya mpaka, kutoka Zaire, tulikokimbilia nikiwa mgongoni, na kati ya vitu vyote tulivyoviacha tulikikuta kimoja tu: kiti cha baba. Kilikuwa kiti cha mvule chenye mikono mipana. Jirani alikitunza kibandani kwake, na miaka yote ile kuku walikuwa wakitagia juu yake. Mama alikisugua kwa majivu na majani ya msasa, akakiweka ukutani kuelekea mlango, na hakuna aliyekikalia. Yeye alikaa kwenye kigoda cha cherehani, wageni kwenye benchi, mimi chini. Kiti kilikaa peke yake.

Baba alikuwa askari, mtu wa Ludara, Koboko. Siku tulipovuka alibaki nyuma, na waliotufuata walisema alifia kando ya mto, wakamzika mchangani haraka haraka, kwa mikono, kwa sababu hapakuwa na jembe. Hayo niliyasikia yakisemwa juu ya kichwa changu mara nyingi, kwa sauti ile ile ambayo watu hutumia kusema mvua imekatika. Mama mwenyewe hakuwahi kuniambia. Na makaburi niliyoyajua mimi yalikuwa na mawe, au saruji, au msalaba kwa upande wa mama. Baba hakuwa na hata kimoja. Kwa hiyo katika akili yangu hakuwa kaburini. Alikuwa mchangani, na mchangani ni mahali pengine.

Kisha akaja Baba Mdogo Rajabu, mdogo wake baba. Alikuwa amekwenda Mombasa zamani, kabla ya vita, na huko alifanya kazi katika ghala linalofungasha samaki wazima wa rangi kwa ajili ya watu wa ng'ambo. Mimi ndiye niliyemwona kwanza akipanda njia yetu, amekumbatia sanduku jeupe la povu kama mtu aliyebeba mgonjwa, na nyuma yake mvulana wa mkokoteni akisukuma magunia na kitu kikubwa kilichofungwa mablanketi. Uso wake ulikuwa ule wa kwenye picha ya baba ukutani, aliyokimbia nayo mama: nyusi zilizokutana, mwanya wa mbele. Nikapiga kelele, "Baba amekuja!"

Mama aliinuka ghafla hata kigoda kikaanguka. Halafu akamwona vizuri. Akakiinua kigoda, akakipangusa kwa muda mrefu kuliko vumbi lake.

"Shemeji, ni mimi, Rajabu," akasema yule mtu mlangoni. "Kila mutu anakosea ivo."

"Karibu, shemeji. Sanduku iko na nini?"

"Iko na bahari."

Mwenye hoteli mmoja mjini alikuwa amemwagiza samaki wa kuweka mapokezi, ndani ya tangi refu la kujengewa ukutani. Kumbe hoteli ilikuwa bado haijaezekwa, na samaki hawakuweza kungoja bati. Baba Mdogo alikuwa na kisanduku kimoja tu cha kioo, kile cha kupumzishia samaki baada ya safari. Akakiweka juu ya meza, kando ya cherehani. Akamwaga ndani yake mchanga mweupe aliokuja nao kwenye gunia, akapanga mawe ya matumbawe yaliyosafiri ndani ya magazeti yaliyolowa, akajaza maji aliyoyachanganya na chumvi yao ya ghalani. Baada ya hapo akachuchumaa uani mbele ya mabeseni kuchagua nani akae na nani.

Sijapata kuona tena mtu akifikiri kwa muda mrefu namna ile juu ya viumbe vidogo kama kidole. Wengine walikuwa wamekufa njiani. Aliwatenga kando. Waliobaki aliwatazama mmoja mmoja, akigeuza shingo kama anayesikiliza.

"Ona huyu wa bluu," akaniambia. "Mukali. Ukimutanguliza, kesho nyumba yote ni yake. Mukali anaingia wa mwisho, tena kwa nyumba kubwa." Yule wa bluu akapewa ndoo yake peke yake, kama mfungwa. "Na hawa madume wawili, unaona?"

Niliona. Walikuwa na mistari ya kijani iliyojipinda mwilini, kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Mmoja na mwenziwe, huwezi kuwatofautisha.

"Wanafanana. Ndiyo shida yao. Huyu akiona uso yake kwa mwingine, anafikiri iko mutu anataka kumunyang'anya nyumba. Mutu wa rangi ingine atamuachia. Lakini wa kufanana? Hapana. Kwa sanduku ndogo, dume moja."

"Na hawa?" Nilionyesha majike wawili, mkubwa na mdogo, rangi ya embe lililoiva, wenye madoa meupe mwili mzima.

"Hawa wanaingia kwanza. Wanajua nyumba, wanajua kona yote. Kisha bwana anaingia kama mugeni."

Mama alikata uzi kwa meno. "Sheria hii iko muzuri," akasema. "Kwa nini kwetu haiko?"

Baba Mdogo akacheka mpaka maji ya beseni yakatikisika. Ndivyo ilivyokuwa: majike wakaingia, kesho yake dume mmoja akafuata, na mwenziwe akabaki kwenye beseni, amefunikwa chandarua, akingoja hoteli.

Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, na samaki wale walihitaji pumzi. Baba Mdogo alifunga pampu ya baiskeli kwenye kanyagio la cherehani. Mama akikanyaga, hewa iliingia kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori uliolala chini ya meza, na kutoka hapo ilitambaa ndani ya mrija mwembamba, ikadhibitiwa na kile kigurudumu kidogo cha dripu ya hospitali, ikatokea kwenye maji kama ushanga. Mama alishona sare za shule, kola kwa kola, na mpira ulivimba pole pole kama tumbo la ng'ombe.

"Sasa nashona nguo na samaki pamoja," alilalamika.

"Malipo iko, shemeji. Unaangalia bahari bure."

Majirani walikuja kuionja. Walichovya kidole, wakakunja uso, wakachovya tena. Bibi wa nyumba ya pili alitazama kwa makini sana, mikono nyuma, halafu akasema, "Chumvi iko tayari. Inabaki nyanya tu." Mimi nilipewa kazi ya kuvua viluwiluwi vya mbu kwenye pipa la mvua, na kuongeza maji yale yale ya mvua kila kina kiliposhuka. Baba Mdogo alinifundisha kwamba maji hupanda juu peke yake na chumvi hubaki, kwa hiyo bahari haihitaji kuongezwa chumvi, inahitaji mvua tu. Nililala nikiwaza hilo. Jioni, Arua ilipoanza kupoa, tulikivika kisanduku blanketi kama mtoto mwenye homa, tukasogeza sigiri ya makaa karibu.

Jioni ya kwanza ya dume mle ndani, kabla ya blanketi, niliona jambo. Dume alizunguka juu ya mchanga, akatafuta, akatetemeka kidogo, kisha akajichoma kichwa na kutoweka. Mchanga ukajifunga juu yake ukawa laini, kana kwamba hakuwahi kuwapo. Majike nao wakafuata. Nilikimbilia uani. Baba Mdogo alikuwa kwenye sala ya magharibi. Nikasimama mbali nikirukaruka mpaka akatoa salamu.

"Wamezikwa!" nikasema.

"Wamelala. Ndiyo kitanda yao. Kesho watatoka."

Wakatoka. Jua lilipoingia dirishani na kugusa kioo, mchanga ulifumuka hapa, ukafumuka pale, na wa mwisho kabisa akatoka dume, akijipangusa mgongo, mwandiko wake wote ukiwa mahali pake. Sikumwambia mtu. Niliketi mbele ya kioo nikiwa na furaha iliyonitisha. Wakubwa walikuwa wameniambia kila kitu kuhusu baba isipokuwa hiki kimoja: kwamba mchanga unarudisha.

Muda si mrefu Shangazi Hawa akaja kutoka Koboko, dada yake mkubwa baba, mwanamke mwenye sauti ya sokoni na moyo ulio wazi kama kiganja. Aliingia, akakitazama kiti kabla ya kututazama sisi.

"Wifi, kiti hii iko wazi mpaka lini? Kiti inataka mutu."

Mama alikanyaga tu.

"Rajabu ni damu moja, uso moja. Hata mutoto alimuita baba, dunia yote ilisikia. Ukoo wamekaa Ludara, wamesema ni yeye atakurithi. Ukikataa, hakuna vita, rudi kwenu Pajulu. Lakini mutoto ni wa Ludara. Tutamubeba."

Kanyagio likasimama. Ushanga wa mapovu uliendelea kidogo kwa hewa iliyobaki, kisha ukaanza kupungua, tone, tone.

"Nitajibu simsim ikivunwa," mama akasema, na ufuta ulikuwa bado kijani mashambani.

"Simsim haichelewi, wifi."

Baba Mdogo alikuwa nje, amekaa juu ya jerikani kama kawaida yake, na mlango ulikuwa wazi. Hakuingia. Tangu alipofika hakuwahi kuweka hata kofia yake kwenye kile kiti.

Tangu siku ile niliishi na hofu mbili, na sijui ipi ilikuwa kubwa. Moja ilikuwa kubebwa Ludara, niamke mahali ambapo hakuna kanyagio la kunibembeleza. Ya pili sikuweza kumwambia mama. Siku yoyote jua lingegusa mto ule, mchanga ungefumuka, na baba angekuja akijipangusa mgongo, na ndani ya nyumba yetu ndogo angekuta mtu mwenye uso wake. Nilikuwa nimeshafundishwa kinachofuata.

Mwishowe nilimwendea Baba Mdogo mwenyewe, pale kwenye jerikani. "Wewe usikae kwa kiti," nikamwambia.

"Sikai."

"Baba akitoka mutapigana."

Alinitazama. Halafu akatazama ndani, kwenye kioo. Hakucheka. "Nani alikuambia atatoka?"

Nikaunyooshea kidole mchanga. Akainuka kwenda kurekebisha kigurudumu cha dripu ambacho hakikuwa na kasoro yoyote.

Asubuhi moja dume hakutoka. Majike walizunguka, mkubwa mbele, mdogo nyuma, wakapita na kupita juu ya mchanga ule mtulivu. Niliomba tuchimbe. Baba Mdogo alikataa: samaki wa namna hii akishtuka huweza kukaa chini siku nyingi, na ukimchimbua akiwa hai unamuua wewe. Tukangoja. Siku zilivyopita, yule mwenziwe wa kwenye beseni akaanza kufifia, mwandiko wake ukipauka kama wino uliolowa.

"Niweke huyu ndani," Baba Mdogo akasema asubuhi moja, beseni mikononi. "Huku nje baridi itamumaliza. Nafasi iko."

Nikakumbatia kisanduku. Nakumbuka ubaridi wa kioo shavuni. Baba Mdogo hakunisukuma. Alimgeukia mama, naye mama akatutazama wote, mimi, yeye, beseni, mchanga.

"Ngoja, shemeji."

"Atakufa."

"Hatakufa. Lete beseni hapa ndani, karibu na sigiri. Gawa mrija, na yeye apate hewa yake. Mimi nitakanyaga."

Alikanyaga. Alishona hata nguo zisizo na haraka, akapindua mapindo yaliyokwisha kupinduliwa, mradi mguu uende. Usiku nililala ndani ya mlio ule, na katika ndoto zangu mto wa Koboko ulikuwa na kanyagio, na mtu mmoja chini ya mchanga alikuwa akipumua ushanga.

Hoteli ikaezekwa. Yule dume wa beseni, amerudiwa na rangi, akahamia kwenye tangi refu la ukutani ambako palikuwa na pembe za kutosha kujificha, na wa bluu akaingia wa mwisho, kama sheria ilivyotaka. Baba Mdogo akapewa kazi ya kuwatunza na chumba nyuma ya jiko. Alifungasha virago vyake, lakini kila asubuhi aliendelea kuja na mkate wa hotelini, kututazama na kuutazama mchanga wetu.

Mashambani simsim ilikuwa imekatwa, imesimamishwa mafungu mafungu ikauke. Na ndipo asubuhi moja jua lilipoingia, nikaona kijani.

Ilikuwa pale, kati ya mawe: mistari iliyojipinda, mwandiko wa mtu mwenye haraka. Nikapiga kelele iliyowaamsha mbwa wa majirani. Sikusema dume. Nilisema, "Baba ametoka!"

Mama alikuja kutoka uani, mikono yote unga. Baba Mdogo alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Akauweka mkate chini, akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu, akigeuza shingo namna ile ya kusikiliza.

"Hesabu majike," akaniambia taratibu.

Nikatazama. Palikuwa na yule mdogo tu, wa rangi ya embe, akifuata nyuma ya kijani kama alivyozoea kufuata.

"Mukubwa bado amelala," nikasema.

"Hapana. Angalia huyu kwa shavu."

Shavuni, chini ya kijani, yalikuwapo madoa meupe machache, yamefifia, kama nyota zinazosahaulika kukipambazuka.

"Huyu ndiye mukubwa. Jamii hii Mungu aliiumba ivo. Bwana akipotea, jike mukubwa anangoja. Asiporudi, na hakuna dume mugeni ameingia, yeye mwenyewe anavaa rangi yake. Pole pole. Anakuwa mwenye nyumba."

"Na bwana?"

Baba Mdogo alimtazama mama. Jibu hilo hakuligusa, alimwachia mwenyewe.

Mama alijifuta unga kwenye kitenge, kidole kwa kidole. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Sikiliza mimi," akasema. "Baba yako alikufa. Walimuzika kwa mchanga, kule mutoni, na hatatoka. Si kesho, si siku ingine. Mimi mama yako nakuambia."

Nililia ndani ya kitenge chake, na kilikuwa na harufu ya unga na mafuta ya cherehani. Hakuniambia ninyamaze. Hata yeye mabega yake yalikuwa yakienda. Nilipochoka kulia nilisikia mapovu yakipungua kwenye maji, tone, tone, kwa kuwa hapakuwa na mtu anayekanyaga.

Mama alisikia pia. Akainuka. Alikwenda ukutani, akakishika kiti cha baba kwa mikono yake yote miwili, akakiburuta. Miguu ya mvule ilichora mistari miwili kwenye sakafu ya udongo, kutoka ukutani hadi kwenye cherehani. Kigoda akakisukuma kando kwa mguu. Akakaa. Kiti kilikuwa chini mno; akainuka, akachukua blanketi la samaki, akalikunja mara mbili, akalitandika, akakaa tena. Aliweka mkono mmoja kwenye mkono wa kiti, kama anayepima kitambaa, halafu akakanyaga. Mpira ukavimba, ushanga ukarudi kwenye maji, na yule mwenye nyumba wa kijani akapita katikati yake bila haraka, mdogo wake nyuma.

Shangazi Hawa alifika siku chache baadaye, na gunia la simsim mpya kichwani. Alisimama mlangoni. Baba Mdogo alikuwa nje juu ya jerikani, mimi nikiwa miguuni pa mama na viluwiluwi vyangu kwenye kopo.

"Rajabu!" akaita bila kugeuka. "Mbona wewe iko nje na kiti iko ndani?"

"Mimi niko na kitanda yangu kwa hoteli, dada. Ukoo walisema ni mimi, si ndiyo? Basi jawabu ni yangu, na nimetoa: hapana. Na mutoto anakaa na mama yake. Ludara tutakuja kusalimia, Idi."

"Na ukoo nitawaambia nini?"

"Waambie waje waone samaki."

Shangazi akaingia, akainama mbele ya kioo, gunia bado kichwani, halitikisiki. "Huyu wa kijani ndiye bwana?"

"Huyo ni mama," nikasema.

Akanitazama, akamtazama samaki, akamtazama mama ndani ya kiti. Ilikuwa zamu ya mama kusema, na alisema bila kuinua mguu.

"Wifi, ulisema kiti inataka mutu. Imepata."

Shangazi akalitua gunia, akajinyoosha kiuno, akakaa kwenye benchi la wageni, akapanga kitenge chake magotini.

"Haya," akasema. "Basi mwenye kiti atupe chai."

Mama hakuinuka, kwa kuwa mguu wake ulikuwa kazini. Alinitazama mimi, nami nikaenda kuwasha sigiri.